Maumivu Yetu Yana Jina

Mdogo wangu Saumu,

Ujumbe niliokutumia mwezi huu wote haujasomwa. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Huenda mwenzako mmoja huko Uarabuni mnakofanya kazi za nyumbani akauona, akakuonyesha.

Unakumbuka ulivyoanguka shambani Njukini, tukivuna maharagwe? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilikubeba hadi nyumbani, nami nimejifunga leso tumboni kwa nguvu, kwa sababu hedhi zetu zilikuwa zimekuja pamoja. Bibi alitukanda kwa maji moto, akasema wanawake wa nyumba hii ndivyo tulivyo, tukizaa maumivu yataisha. Tukamwamini. Tulilala mkeka mmoja, magoti tumeyakunja, tukichekana nani anakunja uso zaidi.

Mimi nikaolewa hapa Voi, na hayakuisha. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za mkojo. Nilipigwa picha ya tumbo mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa niko sawa. Miaka sita bila mtoto, mama mkwe akaacha kunisemesha. Mwishowe nami nikaanza kudhani najitia ugonjwa.

Mwaka huu nilikutana na daktari mwanamke. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza maumivu huja siku gani za mwezi. Akauliza kama naumia nikienda haja kubwa wakati wa hedhi, kama naumia nikiwa na mume wangu. Nilijibu ndiyo kwa kila swali, hadi nikaona haya. Akanieleza kwamba picha yaweza kuonekana safi na ugonjwa upo. Akanituma Mombasa. Huko nilitiwa dawa ya usingizi, wakapitisha kamera nyembamba karibu na kitovu. Walikuta nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi imeota nje ya mfuko, imegandisha ovari na utumbo. Kipande kilipimwa, kikathibitisha. Inaitwa endometriosisi. Nililia, Saumu, wala si kwa woga. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema kweli.

Niliporudi kwa daktari, akaniuliza, "Una dada, au mdogo wa kike? Huu ugonjwa mara nyingi hupita kwa ndugu."

Nikamtajia jina lako. Nilikuwa nasikia ule ujumbe wako wa mwisho wa sauti. Ulisema maumivu sasa hayangoji hedhi, na kwamba mwezi ule uliona damu chooni. Ulisema mama mwajiri wako hukupa Panadol na kukuambia uache uvivu. Nami, dada yako, nilikuandikia: "Vumilia, imebaki miezi minane tu mkataba uishe." Hilo ndilo neno langu la mwisho ulilolisoma.

Jana nilimpigia wakala aliyekupeleka. Alisema uko salama, unafanya kazi vizuri. Nikamwomba nisikie sauti yako, hata kwa dakika moja. Akakata simu. Nimepiga tena mara nyingi, haipokelewi. Leo asubuhi nimeandikisha taarifa polisi, na mume wangu ameenda Nairobi kutafuta ofisi ya wakala huyo.

Neno langu nimelifuta. Usivumilie. Ukipata daktari yeyote, mtajie jina la ugonjwa huu, endometriosisi, mwambie dada yako wa tumbo moja anao. Na kama huwezi kusema, lia kwa sauti, wakusikie hata majirani.

Ni mimi dada yako, niliyekuambia uvumilie.