Kwa Gervasio, Aliyemwachia Baba Dakika Nne

Gervasio wetu,

Leo umetimia mwaka tangu gari la bendi lipinduke kwenye barabara ya Jerez, na wewe uliyekuwa umelala kiti cha nyuma usiamke tena. Ninayeandika ni mimi Salud, mkeo, kwa niaba ya nyumba nzima. Usishangae nikikuchokoza kidogo. Nikilia tu, hutajua kama ni mimi.

Ulikuja mtaani kwetu Triana na nywele mabegani na kinanda cha umeme ambacho wanaume wanne walikipandisha ngazi huku wakikulaani. Hukuwa Mgitano, mtu wa kabila letu, lakini ulitaka kuchanganya flamenko, muziki wetu wa jadi, na roki yenu, ile ndefu ambayo wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Majirani walicheka. Mimi nilikupenda, basi.

Hata kuhesabu hukujua. Kwetu mapigo ni kumi na mawili, na hesabu inaanzia kwenye pigo la kumi na mbili. Wewe ulianzia moja, ukaifundisha bendi nzima hivyo hivyo kwa mwezi mzima. Mama yangu, Encarnación, alikuwa anapiga pasi siku aliyowasikia.

"We kijana, mbona mnaingia dirishani na mlango uko wazi?"

Mlikaa siku tatu mezani jikoni, wewe na mpiga ngoma wako, mama akiwagongea mapigo kwa vifundo vya vidole. Hukuona haya kufundishwa. Wala hukuona haya kutengeneza redio za watu, kumwogesha binti yetu Estrella, na kuchambua dengu ukiwa umevaa suruali yako ya jukwaani.

Ila baba yangu, Frasquito! Yeye ni mhunzi, huimba nyimbo za wahunzi bila gitaa, kwa mlio wa nyundo tu. Sauti hiyo ndiyo uliyoitaka kwenye santuri yako. Ulimwomba miaka sita.

"We fundi umeme, hiyo mashine yako inaimba au inanguruma?"

"Inakungoja wewe, baba."

"Baba yako yuko Huelva anauza samaki. Kamwite yeye aimbe."

Mbele yake ulicheka kila mara. Chumbani hukucheka. Katika wimbo wako wa mwisho uliacha dakika nne bila chombo chochote, ukasema ni za baba. Hakuja. Ulikufa ukijua kwamba hakuja, na hilo limeniuma kuliko mazishi yenyewe.

Sasa nikwambie usilolijua. Kwetu akifa mkwe, wiki chache za nguo nyeusi zinatosha. Akifa mwana, nyumba inakaa mwaka bila wimbo. Jioni tuliyokuzika, baba aliigeuza redio ikatazama ukuta. Tulidhani ni kwa siku chache. Harusi ya mpwa wake alikwenda, akala, lakini hakuimba. Mwezi wa Machi akaja mtu wa tamasha kutoka Utrera kumwalika.

"Mzee Frasquito, si alikuwa mkwe tu? Tena mtu wa nje!"

Baba hakumpa hata kiti. "Nimezika mwanangu. Njoo Mei, mwaka ukiisha."

Nilikuwa jikoni. Nilikaa chini sakafuni nikalia, maana maneno hayo ulistahili kuyasikia wewe, na nimeyasikia mimi.

Leo ukimya unaisha. Baada ya misa ya saa kumi na moja, wenzako wataleta kanda ya wimbo ule wenye dakika nne za baba. Baba amekataa kuimba mahali pengine popote kabla ya hapo. Tangu jana hajala vizuri. Hajawahi kuogopa kuimba, lakini asubuhi hii aliniuliza, "Na sauti ikigoma, Salud?" Nimemwambia umemngoja miaka sita, huwezi kushindwa kumngoja leo.

Unakumbukwa na mkeo Salud, binti yako Estrella, wenzako wa bendi, wazazi wako wa Huelva, na wazazi wako wa Triana.

Hatutakusahau maisha yetu yote.