Baga za Chapati za Kila Jumatano

Mama,

Leo ni Jumapili, saa nane mchana. Baba na mdogo wangu Sandrine wamekwenda Mahoko kumsalimia shangazi, Tante Béa. Nimebaki nyumbani peke yangu, nimekaa kwenye meza ya jikoni, mvua inanyesha upande wa ziwa na bado haijafika kwetu. Nakuandikia sasa kwa sababu bado nimekasirika. Nikingoja hasira iishe nitaandika maneno mazuri tu, na maneno mazuri ulisomewa ya kutosha siku ya mazishi.

Nianze na yaliyotokea ulipoondoka, kwa sababu hukuyaona.

Siku tuliyomaliza matanga, watu walikuwa wamekaa sebuleni, chupa za Fanta ziko chini, na Tante Béa akasema mbele ya wote, kwa Kiswahili chao cha mpakani, "Claudine njo mukubwa. Atabaki na papa yake, na huyu mutoto bado anasoma." Hakuna aliyeniuliza. Nilimtazama Baba nikidhani atasema kitu. Akaangalia sakafu. Majirani walikuwa wakipita mmoja mmoja wananishika mkono, "Ihangane, ihangane," yaani vumilia, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa, nikijua kwamba katika dakika ile nimeshapewa nyumba niitunze kama mtu anayepewa sufuria aishike.

Nikaomba likizo bila mshahara kule ofisini Kigali. Walinipa miezi mitatu. Ile kazi ya bima uliyoisifia kwa kila mtu pale kanisani, kumbuka, nilikuwa nimeifanya miezi michache tu. Nikafunga chumba changu cha Kimironko, nikapanda basi na mabegi mawili.

Kupika siku nyingine hakukunishinda. Maharage na ndizi Jumatatu, isombe, kisamvu chetu, Alhamisi, dagaa wakipatikana. Baba anarudi kutoka mpakani, Grande Barrière, ametumia siku nzima kujaza makaratasi ya forodha ya wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma, anakula, anasema "Asante", anakwenda kusikiliza redio. Sandrine anakula huku daftari liko kando ya sahani. Sawa. Shida ilikuwa Jumatano.

Jumatano ni siku yako ya kuimba na korali kanisani. Ulikuwa ukiingia saa moja kasoro, bado una sauti ya mazoezi kooni, na ndani ya nusu saa tunakula zile baga zako za chapati. Ulianza kuzipika baada ya Sandrine kurudi kutoka kwenye sherehe ya rafiki yake kule hotelini ufukweni, akalia wiki nzima kwamba anataka baga. Ukamwambia, "Mkate ule wa mviringo sina, chapati ninazo." Ulitandaza nyama mbichi ya kusaga juu ya chapati, ukaibwaga kifudifudi kwenye kikaango, nyama chini. Ikishaiva unaigeuza, unaweka kipande cha jibini la Gishwati, vitunguu, matango uliyoyaloweka kwenye siki, saladi, mayonezi na sosi ya nyanya, unaikunja mara mbili. Chakula cha mtu aliyechoka, ulisema. Sahani nne, kikaango kimoja cha kuosha.

Jumatano ya kwanza nilipika kwa sababu Sandrine aliniomba. Nyama ilinywea ikawa kijisahani kidogo katikati ya chapati, ikabanduka yote ikabaki kwenye kikaango. Jumatano ya pili niliichanganya na vitunguu ili ishike, ikatoa maji, chapati ikawa kama kitambaa kilicholowa. Ya tatu nikaikaanga nyama kwanza pembeni. Ikamwagika kwenye magoti ya Sandrine alipouma mara ya kwanza, akaweka sahani chini na kusema taratibu, bila ubaya, "Si hivi." Nilimjibu vibaya, Mama. Nilimwambia kama anajua ilivyo aje apike yeye. Akaniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akachukua daftari lake akaondoka.

Baba kila mara alisema, "Iko muzuri tu." Na kila mara aliacha nusu.

Nilikukasirikia basi. Nilifungua droo zote nikitafuta mahali ulipoandika. Nilikuta kipande cha karatasi chenye noti za wimbo, risiti za kitambaa, kadi za ubatizo wetu. Hakuna hata mstari mmoja kuhusu chakula. Wewe uliyekulia Karagwe ukatufundisha Kiswahili kwa kalamu nyekundu, uliyesahihisha hata meseji za Baba kwa sababu anaandika kama anavyoongea, hukuwahi kuandika nyama kiasi gani, moto kiasi gani. Nikikuuliza ulisema, "Kidogo tu, utaona mwenyewe." Sikuona.

Najua unasema moyoni kwamba ni chapati tu, mtoto gani anayemgombeza marehemu kwa ajili ya chapati. Lakini nilikuwa nimeacha kila kitu nije nishike nafasi yako, na nafasi yenyewe ilinikataa kila Jumatano mbele ya mashahidi wawili.

Likizo ilikuwa imebaki wiki mbili. Jumatatu iliyopita mkuu wangu alinipigia simu akaniuliza kwa upole kama narudi au aweke mtu mwingine, nimjibu kabla ya Ijumaa. Jumanne nikaandika barua ya kuacha kazi. Niliiandika vizuri. Nikaiacha kwenye simu, nikasema nitaituma kesho.

Jumatano nikapita kwa Mama Zuberi, pale kwenye kona anapokaanga chapati. Nilikuwa nimechelewa na alikuwa amebakiwa na chache. Nikamwomba nne zile za rangi nzuri. Akaniangalia.

"Za kupikia ile nyama?" akauliza. "Hizo hazifai. Mama yako alikuwa anachukua zenye hazijaiva, nyeupe-nyeupe, sababu zitaiva tena na nyama. Hizi zishakauka, zitakuvunjikia."

Nilisimama pale nikajiona mjinga. Wiki kumi na moja, na jibu lilikuwa mita mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Naye, huku akitandaza unga mwingine, bila kuinua macho, akasema, "Uliza papa yako. Yeye njo alikuwa anakuja kuzichukua, tangu mama akose nguvu ya kutembea mpaka hapa. Kila Jumatano. Na alikuwa anazichagua vizuri kabisa."

Nikauliza tangu lini.

Akasimamisha mkono. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba sijui. "Ah," akasema. "Mbele ya kiangazi."

Kabla ya kiangazi, Mama. Mimi niliambiwa unaumwa wiki mbili kabla hujafa. Nilipanda basi nikidhani nakuja kukuuguza, nikakukuta hujui tena ni siku gani.

Nilitembea kurudi na chapati nne nyeupe kwenye gazeti, zinanichoma kiganja. Baba alikuwa ameshafika, amevua viatu. Sandrine alikuwa anakata vitunguu. Niliweka chapati mezani nikamwuliza Baba nani alikuwa anapika Jumatano.

Akaangalia sakafu. Sandrine ndiye aliyeweka kisu chini.

"Ni papa," akasema. "Maman alikuwa anakaa hapo kwenye kiti anamwambia. Harufu ya nyama ilikuwa inamtapisha, alikuwa anajifunga kitenge puani."

"Na wewe ulijua anaumwa."

"Alisema tusikuambie."

Ana miaka kumi na tano. Ulimpa mtoto wa miaka kumi na tano siri ya namna hiyo aibebe, aamke nayo, aende nayo shuleni, na jioni aongee nami kwa simu aniambie mko salama. Sasa najua alichotaka kusema siku ile alipochukua daftari akaondoka.

Nikamgeukia Baba. Nilisema mambo ambayo binti hamwambii baba yake, sitayarudia hapa. Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Mama yako alinikatalia. Alisema, acha kwanza mutoto amalize mitihani. Ulipomaliza, akasema, acha kwanza azoee kazi. Nilimuambia, tumuite. Akasema, wiki ijayo. Kisha wakati ikaisha."

"Na baada ya mazishi?" nikamwuliza. "Miezi karibu mitatu unakula takataka zangu na kusema iko muzuri. Unajua kupika hiki kitu na unanitazama nikikiharibu. Kwa nini?"

Alisugua uso wake kwa viganja viwili, kama anavyofanya gari la mteja likikwama mpakani.

"Niliogopa," akasema. "Ukijua naweza kupika, utarudia Kigali."

Nilizima gesi. Sijui kwa nini, hakukuwa na kitu juu yake. Nikavuta kiti chako nikakaa, nikamwambia, "Basi pika."

Akainuka. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akafunga kile kitambaa chako cha maua kiunoni, na wala hakuona aibu. Alichukua nyama akaisukuma kwa vidole mpaka ukingoni mwa chapati, kisha akaivusha ukingo kidogo, inaning'inia. "Inarudi nyuma ikipata moto," akasema, akiwa kama anaongea na kikaango. Hakuweka mafuta. Aliikandamiza juu kwa kitako cha sufuria ndogo. Chumvi aliinyunyiza mwisho, alipoigeuza. Sandrine alikuwa tayari na jibini mkononi kabla hajaombwa, na matango, na kijiko cha mayonezi. Walipishana pale jikoni bila kugongana. Walikuwa na mazoea ambayo sikuwahi kuyaona, waliyoyapata katika miezi uliyoninyima.

Ilikuwa tamu. Nilitaka isiwe. Nilikula mbili, nikilia na kutafuna, na hakuna aliyeniambia nivumilie, kwa hilo nawashukuru. Baba alimaliza yake yote.

Sasa nisikilize.

Nilikuja mwezi wa nane, wikiendi moja. Ulikuwa kwenye kiti hikihiki, na sweta, jua likiwa kali. Nilikuuliza una nini ukasema ni uchovu, korali ina tamasha. Nilikuona ukisukuma kipande cha tango kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Niliona, Mama. Nilikuwa na simu mkononi, nikamjibu mtu, na nilipoinua macho sahani yako ilikuwa imeshaondolewa. Kwa hiyo sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, naijua. Lakini iliyobaki ni yako na nataka uichukue.

Uliamua kwamba kazi yangu ina maana zaidi kuliko mimi kukuona. Ulidhani unanipa zawadi. Ningekuja kila Ijumaa. Ningekaa pale na kitambaa cha maji baridi. Ningejifunza nyama inavyosukumwa ukingoni, kutoka kwako, kwa sauti yako, ukinikosoa. Baba alipata hiyo. Sandrine aliipata, pamoja na mzigo wake. Mimi nilipata simu za Jumapili na "tuko salama". Mtihani ningeurudia. Kazi ziko nyingi. Uliniamulia, kama Tante Béa alivyoniamulia, kila mmoja kwa upendo wake, na nimechoka kupendwa namna hiyo.

Alhamisi asubuhi niliifuta ile barua ya kuacha kazi. Nilimpigia mkuu wangu nikamwambia narudi. Jioni nikamwambia Baba, kabla hajavua viatu, ili asisikie kwa mtu mwingine. Alivua kiatu kimoja, kisha akauliza basi ni la saa ngapi. Ndivyo alivyo, unamjua. Jana alikwenda sokoni mwenyewe akarudi na nyama ambayo haikusagwa vizuri, Sandrine akamrudisha nayo. Leo wamekwenda Mahoko ili amwambie Tante Béa uamuzi huu yeye mwenyewe. Nilitaka kwenda, akakataa. Alisema, "Hii njo yangu ya kusema." Sijui Tante atasema nini. Nadhani atasema mengi. Kwa mara ya kwanza Baba hataangalia sakafu, au ataiangalia lakini ataongea.

Na Sandrine. Ijumaa usiku kabla ya kulala aliniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia hapana, nimemkasirikia Maman. Akafikiri. Akasema, "Mimi pia." Tukalala.

Naondoka Jumamosi ijayo. Nitapita kwako asubuhi na mapema kabla ya basi, na sitaleta maua, kwa sababu sitaki kujifanya. Nitasimama tu. Bado sijakusamehe, na sitaki msamaha uharakishwe wala mimi niharakishwe. Utakapokuja utakuja, na wewe utakuwa wa kwanza kujua.

Ahadi yangu kwako ni moja, na huenda usiipende. Siku mwili wangu utakapoanza kunisumbua, hata kama ni jambo dogo, nitampigia Sandrine siku hiyohiyo. Hata kama ana mtihani. Hata kama amepata kazi jana. Nitamwambia ukweli kisha aamue mwenyewe kama anakuja.

Kwaheri, Mama. Mvua imefika, naenda kuanua nguo.

Mwanao,
Claudine