Aliyemuitikia Nyota

Jumatatu, jioni

Na ni mimi niliyesoma jina lake. Tulimzika Nyota Jumamosi, lakini leo asubuhi, nikiita majina ya darasa la pili, mdomo ukafuata mazoea.

"Prezan!" akaitikia Riziki, mwenzake wa benchi.

Nikadhani anafanya mzaha na marehemu. Nikampigisha magoti mbele ya ubao mpaka saa ya mapumziko. Ndipo aliponiambia, "Madamu, Nyota aliniambiaka nimuitikie kama anachelewa."

Ana miaka saba. Hata kumkumbatia sikumkumbatia. Nilimwambia tu aende kucheza.

Sasa daftari la majina liko hapa, na kalamu nyekundu. Nikilifuta jina, kesho itabidi nimweleze Riziki kwamba safari hii Nyota hajachelewa.