Mwanamke wa Kwenye Picha

Dada yangu Neema,

Nakuandikia kutoka Mtwara, joto ni kali lakini nimeshiba. Kampuni yetu, kama ujuavyo, siku hizi inawapenda sana wanawake. Jana tulikodi ukumbi Chikongola tuwapongeze akina mama wa Naliendele, walioshinda zabuni ya kulisha wafanyakazi wetu. Tulitundika bango la "Wanawake Kwanza" juu ya meza kuu, na chini yake wakakaa wanaume watupu: bosi wangu, wageni wake, na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Bwana Hamisi, mwenye ndevu zake nzuri.

"Wanakikundi wako wapi?" nikamuuliza.

"Jikoni. Wanawapikia."

Nikazunguka uani. Bi Somoe, katibu wao, alikuwa akikoroga kuku kwenye mchuzi wa korosho, macho mekundu kwa moshi.

"Mwanangu, hii shughuli ya nani?"

"Yenu, mama. Mmeshinda zabuni."

Akaacha kukoroga. "Mbona tunapika sisi?"

Akanipa paja la kuku, nikala.

Ulipofika wakati wa picha, bosi akagundua hakuna mwanamke mbele. Wale wa jikoni eti walinuka moshi. Kwa hiyo ukiiona picha, anayepokea cheti chao cha ushindi kwa tabasamu ni mimi.

Wabusu watoto. Mwambie Mama nimeshinda zabuni ya kupika. Yeye ndiye anayejua ninavyounguza wali.

Mdogo wako,
Rehema