Aliyeambiwa ni Nguzo

Jumamosi, Oktoba. Tabora.

Joto tupu. Mawingu yalijikusanya jana upande wa stesheni, yakatutazama, yakaenda zao. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Viganja vyangu vinatoka jasho, na karatasi zangu zimelainika pembeni kwa kushikwashikwa.

Leo saa kumi alasiri nitasimama mbele za watu nisome hadithi niliyoiandika mwenyewe.

Nimeandika sentensi hiyo nione kama itapungua ukali. Haijapungua.

Tangu kiangazi kianze tunakutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa klabu, sisi tunaojiita waandishi. Tuko wachache: makatekista wawili, karani wa stesheni, Bwana Seifu fundi cherehani, na mimi, mwanamke peke yangu. Anayetuongoza ni Mwalimu Klementi wa shule ya misheni. Kazi yetu ni kusomeana. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, kisha wanamchambua mpaka abaki mifupa. Siku yangu ya kwanza kuchambuliwa nilirudi nyumbani nikalia jikoni, nikausingizia moshi.

Leo mambo ni mengine, leo tunasoma hadharani. Watu wa mji wamealikwa, kutakuwa na chai na maandazi, na mke wa Bwana DC ameahidi kuja. Hadithi itakayopendeza kuliko zote itapelekwa Dar es Salaam ichapishwe gazetini. Wenzangu wanaota gazeti. Mimi naomba ardhi ipasuke nitumbukie.

Wala siwaogopi watu. Namwogopa mtu mmoja tu, na jina lake siwezi kuliandika hata hapa.

Ni baba mkwe wangu. Kwetu Unyamwezini mke hatamki jina la baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hali naye chakula. Nimelelewa hivyo huko kwetu Usinge na sina ugomvi na jambo hilo, heshima ni heshima. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa daraja letu. Alipeleka neno huku, akarudisha neno kule, na njiani aliliongezea chumvi yake. Alipofariki mwaka jana, nyumba ikabaki na watu wawili wasioweza kusemezana, kwa maana Petro mume wangu ni gadi wa treni na siku nyingi yuko njiani. Leo yuko Kaliua.

Ndipo mzee alipoanza kusema na nguzo.

Yeye hukaa barazani jioni, ameegemea ile nguzo ya mninga inayoshika paa. Mimi niko jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Siku ya kwanza nilidhani uzee umemzidi. "Nguzo," alisema, "mwambie mwenye jiko ugali wa jana ulikuwa mbichi." Nilinyamaza kidogo, nikapima, kisha nikajibu kwa sauti ile ile: "Nguzo, mwambie mwenye baraza zilizokuwa mbichi ni kuni." Nikamsikia akicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nguzo yetu haina raha, inatumwa asubuhi na jioni.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya maji na tumbaku. Kisha jioni moja ya kiangazi hiki alianza kuisimulia nguzo habari za mkewe.

Mzee alikuwa kijana wakati huo, reli haijafika bado. Alikwenda pwani na msafara wa wapagazi, na kurudi alibeba mtumba wa nguo begani. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Walipita pori la Mgunda Mkali, ambako mtu hutembea na kiu yake mpaka aisahau, wakatokea Tura. Pale Tura akatua mzigo. Bega lilikuwa limechunika, ngozi imebaki kwenye kamba. Akalia mbele ya wanaume wenzake, kilio cha sauti. Msichana aliyekuwa anateka maji akamcheka, akamuuliza, "Wewe ni nani, mwanamume unayelia?" Akamtajia jina lake. Msichana akaenda kwao, akarudi na mafuta, akampaka bega bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.

Huyo ndiye mama mkwe wangu.

Niliposikia hayo nilikuwa napepeta mtama. Nikaacha. Jumatano iliyofuata nilipeleka hadithi darasani kwa Mwalimu Klementi, nimeiandika yote. Machozi yake, bega lake lililochunika. Mkwe gani anaandika bega la baba mkwe wake? Mama yangu mzazi akisikia atajifunika kanga uso.

Tena hakuniambia mimi. Aliyeambiwa ni nguzo. Kwa desturi yetu mimi sijasikia kitu, na jambo ambalo sijalisikia nitalisomaje mbele ya mji mzima?

Petro nilimweleza kabla hajaondoka. Akavaa kofia yake ya kazi, akasema, "Ya ukwe ni yenu ninyi wawili. Mimi nina treni." Wanaume hawa!

Halafu kuna lile jina. Pale msichana anapouliza wewe ni nani, mimi nimeacha nafasi tupu. Mwalimu Klementi hakuipenda. Alisema msomaji akifika hapo ataanguka shimoni. Akachukua penseli akaandika "Hamisi" kwenye ile nafasi, akaniambia, "Bibi Agnesi, mpe jina lolote, hadithi itembee." Bwana Seifu naye, Mzaramo, mtani wetu, akapata pa kunishika. "Ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya dunia nzima mabegani," alisema, "leo jina moja linakushinda kubeba?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini maneno yake nimelala nayo wiki nzima.

Kwa sababu ni kweli. Wale wapagazi walitembea mpaka pwani na kurudi, na ni nani aliyeandika majina yao? Mzigo ndio uliotazamwa, mtu alikuwa chini yake. Sasa mmoja wao amepata mwandishi, tena jikoni kwake mwenyewe, halafu mwandishi huyo amwite Hamisi. Roho yangu inakataa. Na kulitamka jina lake mdomo wangu unakataa. Nimekaa katikati.

Asubuhi hii nilijikaza. Alikuwa barazani anatafuna tumbaku. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikasema, "Nguzo, mwambie mwenye baraza kwamba yale ya Tura niliyasikia. Niliyaandika. Leo saa kumi nitayasoma kule klabu, watu wakiwapo. Kama amekataa, akwambie, nami nitachana karatasi."

Hakujibu.

Nilingoja. Nilisikia akitema tumbaku, kisha fimbo yake ikigonga sakafu, kisha hatua zake zikielekea njiani. Matobolwa niliyomtengea hayakuguswa, na chai imepoa na kufanya utando. Mzee huyu hapendi kitu kama viazi vyake vilivyochemshwa na kukaushwa. Akiviacha, ujue kuna jambo.

Sasa ni saa sita na hajarudi.

Acha niseme ninachokiogopa hasa. Si kugombezwa. Hawezi kunigombeza, desturi haimruhusu. Naogopa atanyamaza. Atakaa pale jioni na nguzo yake na hataiambia neno tena. Mimi sina mtoto bado. Mume wangu nampata kwa vipande, kama treni inavyotaka. Sauti ile ya jioni ndiyo inayonifanya nijue kwamba hapa ni kwangu. Na leo nakwenda kuiuza kwa maandazi na gazeti.

Nisiende? Nijifanye nina homa?

Naona aibu kuandika kwamba nataka kwenda. Nataka sana. Nikisoma yale maneno darasani, mwili wangu unakuwa mwepesi, na mama mkwe anacheka tena pale kisimani. Nani mwingine atamfanya acheke?

Acha nikavae.

*

Jioni. Nimerudi. 

Ukumbi ulijaa. Picha ya Malkia ukutani, madirisha yote wazi kwa ajili ya joto, watoto wameshikilia nondo kwa nje. Mke wa Bwana DC alikaa mbele na kofia yake. Karani wa stesheni alisoma kwanza, akatoka jasho mpaka shati likabadilika rangi, hilo likanipa moyo kidogo. Bwana Seifu akaghani shairi lake la cherehani, watu wakapiga makofi. Kisha nikaitwa mimi.

Nilipowaangalia watu sikumwona mzee. Bila shaka, asingeweza kukaa chumba kimoja na mimi. Nikajiambia, haya, hayupo, soma. Nikasoma.

Nilisoma pori, nikasoma kiu. Nyuma kulikuwa na wazee wawili watatu, nikawaona wanatikisa vichwa taratibu. Nikasoma kutua mzigo na bega lililochunika, sauti ikapanda juu mno, nikaishusha. Nikasoma kilio. Hakuna aliyecheka. Nikafika kisimani, msichana akauliza, "Wewe ni nani, mwanamume unayelia?"

Na pale palikuwa na Hamisi kwa penseli.

Nilifungua mdomo. Hamisi hakutoka. Nikafumba, nikafungua tena. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia kiti kikilia. Mke wa Bwana DC akamnong'oneza Mwalimu Klementi, nadhani alitaka niletewe maji. Mwalimu akawa ananionyesha kwa midomo: Ha-mi-si. Nilitamani kukimbia. Nikasimama pale na karatasi yangu, mwanamke mzima.

Sauti ikatoka nje, upande wa dirisha. Ikataja jina.

Alilitaja lote, lake na la baba yake, polepole, kama mtu anavyojitaja mbele ya mtemi. 

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitamwona. Niliinamisha macho, nikaendelea kutoka pale pale, msichana akaenda kwao, akarudi na mafuta ya karanga, akampaka bega. Nikamaliza. Mama mmoja akapiga kigelegele, wakampokea wengine. Bwana Seifu akasimama juu ya benchi lake. Sijui alisema nini. Mimi nilikuwa nasikiliza fimbo ikigonga ardhi nje, ikienda zake.

Mwalimu Klementi alinijia, akachukua karatasi yangu. Alifuta Hamisi kwa kifutio, akaandika kwa kalamu ya wino lile jina alilolisikia, yeye ambaye si mkwe wa mtu pale. Wakati anaandika niliangalia pembeni. Akasema hii ndiyo itakayokwenda Dar es Salaam. Nilisema asante. Nadhani nilisema asante.

Watu walidhani nina furaha. Mimi njia nzima nilikuwa nauliza: Alinisaidia au alinikanya? Mtu akijitaja mwenyewe mbele za watu, si anaweza kuwa anasema, huyu uliyemvua nguo ni mimi? Nilipita sokoni bila kuona soko. Nilisahau kununua mafuta ya taa.

Nilimkuta barazani, ameegemea nguzo, amenipa mgongo. Nikapiga goti kwa mbali kama kawaida, nikapita nyuma nikaingia jikoni. Nikawasha moto. Nikasonga ugali kwa mikono miwili, kwa hofu tu, mpaka ukawa mgumu wa kujengea nyumba. Nikamtengea. Nikamsikia akinawa. Akala. Hakusema neno.

Nilikaa nyuma ya ukuta wa matete, nimekumbatia magoti yangu. Kulikuwa na mwanga bado. Nikajiambia, basi, ndiyo imekwisha, umejitakia mwenyewe, Agnesi.

Akakohoa.

"Nguzo," alisema.

Nikainua kichwa.

"Nguzo, mwambie aliyesoma kwamba hayakuwa mafuta ya karanga. Ilikuwa samli. Wale wa Tura walikuwa na ng'ombe. Asiwafanye maskini watu wa watu."

Nilijifunika kanga mdomoni. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, vyote vilikuja pamoja, na safari hii moshi haukuhusika. Nilipopata sauti nikasema, "Nguzo, mwambie mwenye baraza nimesikia. Nitarekebisha."

 Nikasikia akichukua tumbaku.

"Na mwambie," akasema, "yule msichana hakucheka mara moja. Alicheka mara mbili."

Kisha akainuka, akaingia kwake kulala.

Kesho Jumapili, kabla ya kanisa, nitakwenda kwa Mwalimu Klementi nikafute karanga niandike samli, hata kama itabidi nimgongee mlango. Halafu jioni nitawahi kupika, nisogeze kigoda changu karibu na ukuta. Kicheko cha kwanza nimekisoma mbele ya mji mzima. Cha pili, hata nguzo haijaambiwa.