Mjomba Wangu Aliyechezea Kenya Raga Mbili

Kwako Mjomba wangu mpendwa,

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu nilikukosea hadharani.

Unakumbuka ulivyonifundisha raga sebuleni, hapa ugenini Malvern? Ulikuwa ukichukua mkate wa spaza, kile kiduka cha mtaani, ukiukumbatia kama mpira na kujiangusha kwenye zulia. "Katika raga ya watu kumi na watano, ukiangushwa, mpira unagombaniwa papo hapo. Katika ile ya kumi na watatu, unainuka, unausukuma nyuma kwa kisigino." Mama alipiga kelele jikoni, "Kaka, huo mkate ni wa chai!"

Ulichezea Kenya ukiwa winga katika raga ya kumi na watano. Jeraha la goti lilipokutoa, ukaanza upya katika ile nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka taifa likakuita tena. Nilijivunia hayo. Ndiyo maana nilikualika darasani.

Ulikuja asubuhi moja kwa moja kutoka lindo lako la usiku Marshalltown, katikati ya jiji, buti za kazi miguuni, jezi mbili mkononi. Lerato, mwanafunzi mwenzangu, akacheka. "Eish! Wakenya wanakimbia tu, raga wapi!" Kisha mwingine akaona: jezi moja ilikuwa ya Namibia, nyingine ya Naijeria. Darasa zima likanigeukia mimi.

Ulianza kueleza, "Baada ya mechi, sisi huwa…" Nikakukatiza. "Labda kazinunua mitumbani," nikasema, nikacheka nao.

Ulizikunja polepole. Njiani, kwenye taa za barabarani, robot ya Jules Street, ulisema tu, "Vuka, mwanangu." Tangu siku hiyo hukutaja raga tena. Mkataba wako wa ulinzi ulipokwisha ukarudi Nakuru, nami sikukuomba radhi hata uwanja wa ndege.

Mwezi uliopita nilikuwa nasukwa nywele kwa Mama Chantal, msusi wetu anayependa kuchomeka Kifaransa. Kwenye televisheni, mechi ya raga iliisha, wachezaji wakavua jezi wakapeana. Nikamuuliza kwa nini. "Ni desturi yao, chérie. Aliyepambana nawe vizuri unampa yako, naye anakupa yake."

Nililia nikiwa nimesukwa nusu kichwa. "Nimekuvuta sana?" akauliza, maskini.

Mjomba, jezi zako za Kenya wanazo wanaume waliokuheshimu. Mimi, wa damu yako, nilikuita mwongo.

Nimemwomba mwalimu dakika kumi Jumatatu, mbele ya darasa lile lile. Nitawaambia nilichokufanyia. Kisha, saa nne, nitakupigia simu, na mwalimu ameruhusu wote wakusikie. Mama anasema huwa unakata simu mtu akitaja raga. Sitakulaumu. Usipopokea, nitasimulia mwenyewe ninayoyajua, hata kama Lerato atacheka.

Lakini ukipokea, zungumza utakavyo. Nitaishika simu tu, nimenyamaza.

Mpwa wako anayekupenda,
aliyebaki Malvern