Kofi la Vidole Viwili

Mwalimu Nekesa,

Tangu utuache, bingwa wa hesabu hapa Bwaise ni mimi. Kampala nzima, nikikaza kidogo. Usicheke huko uliko! Ndiyo, mimi Okot, yule uliyesema kichwa chake ni debe tupu lakini lina sauti nzuri. Niliacha shule darasa la sita, na sasa nikiingia darasani watoto wanasimama: "Karibu, mwalimu!" Mimi, na unga wa chapati bado uko kwenye kucha.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe Mkenya, mimi mtoto wa askari kutoka kaskazini, wa Kiswahili cha kambini, na Luganda yetu sote wawili ilikuwa ya kuombea maji tu.

Ilikuwa hivi. Baada ya kukuzika, darasa lako la nne lilikaa bila mwalimu. Siku moja mwalimu mkuu akapita kwenye kibanda changu, akanikuta nageuza chapati huku nagonga kikaango: pa, pa, du. Akasimama. "Okot, huo si mchezo wa marehemu?" Nikamwambia, mzee, ndio wenyewe, na anayeujua wote nimebaki mimi. Basi kila Jumatano na Ijumaa, baada ya uji, naenda kuwachezesha mpaka wapate mwalimu.

Sijauharibu. Makofi mawili, mguu mmoja, kila mtoto anataja namba yake, duara linazunguka. Namba ndefu bado tunazipa makofi manne kama ulivyotufundisha, maana "hamsini na sita" haiingii kwenye mawili hata ukiisukuma kwa bega. Ila nimeongeza kiuno. Jedwali la tisa sasa lina kiuno, Mwalimu! Hata mwalimu mkuu alitikisika, halafu akajifanya anatafuta kalamu.

Unakumbuka mafuriko yalipoingia darasani? Ulivua viatu ukasema leo maji ndiyo msimamizi: atakayekanyaga nje ya zamu yatamrukia na kumtaja. Yalinitaja mimi. Banange, jamani, yalinitaja mpaka kaptula ikalowa.

Na ile siku zamu yangu ilipoangukia saba mara nane. Nilikwama, wenzangu wakaanza kunizomea. Wewe ukainua vidole viwili, ukavipiga kiganjani, taratibu, na darasa zima likakufuata. Kama mvua inayojaribu mabati. Ukasema, "Duara halina haraka. Linamngoja mtu wake." Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Nilipoipata, hamsini na sita, walinibeba juu. Nyingine nyingi zimenitoka, lakini hiyo nitazikwa nayo.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, walikuja wanafunzi wa ualimu kutoka Chuo Kikuu cha Kyambogo, na madaftari yao, kutazama mchezo. Nilipiga pasi shati. Tukaanza na jedwali la nane, kwa kasi, vumbi juu, wageni wakaanza kutikisa vichwa kufuata mdundo. Zamu ikafika kwa Namuli, binti mdogo anayetoka Kawempe kwa miguu. Nane mara nane. Akakwama.

Vidole vyangu viwili vilikuwa tayari hewani, Mwalimu. Kisha nikawatazama wageni. Nikapiga kofi la nguvu, nikamruka, nikamnyooshea kidole aliyemfuata: wewe! Akasema sitini na nne, mchezo ukaenda mpaka mwisho bila kupoa. Wageni wakashangilia. Mmoja akaniuliza nimesomea chuo gani. Nikavimba kama andazi.

Namuli aliendelea kukanyaga, lakini mguu wake haukutoa sauti. Jumatano hakuja. Ijumaa alikuja, akakaa ukutani, akasema mguu unamuuma. Hauumi. Nilimwona anakimbia kwenda nyumbani.

Nimejisifu karatasi nzima ili nisifike hapa, na nimefika.

Pumzika, Mwalimu wangu. Jumatano naanza na jedwali la nane, na duara nitalihamishia pale ukutani alipokaa. Kofi la vidole viwili. Kengele ilie, chapati ziungue, tutamngoja. Na kabla ya kuanza nitawaambia watoto wote: siku ile ya wageni, Namuli hakukosa. Aliyekosa ni mimi.

Okot wako